Kupunguza makaratasi kwenye utafiti wa fedha za serikali: mwongozo kwa watafiti wakuu na kurugenzi za utafiti

Mwongozo huu nimeuandika kwa watu wawili wa hapa Tanzania: mtafiti mkuu aliye kwenye chuo kikuu cha umma au taasisi ya utafiti, na afisa wa kurugenzi ya utafiti anayemhudumia. Wote wanaijua hali. Ruzuku imepatikana, iwe ya MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, kupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), au ya bajeti ya ndani ya chuo. Mkataba umesainiwa. Kisha miezi inaishia kwenye madokezo, vibali na marejesho ya masurufu (hesabu za fedha uliyotangulizwa kwa safari au shughuli) kabla sampuli ya kwanza haijafika maabara. Mtu aliyesomeshwa kwa kodi za wananchi ili atafute dawa au mbegu bora anashinda akifuatilia saini.

Tatizo hili haliko kwetu tu. Nchini Marekani kuna ushirika wa vyuo na mashirika ya serikali uitwao Federal Demonstration Partnership. Ulipowauliza watafiti mwaka 2005, na tena 2012, walijibu kwamba asilimia 42 ya muda wao wa miradi inayolipiwa na serikali kuu inakwenda kwenye kazi za kiofisi. Walipoulizwa tena 2018 kiwango kilikuwa kimepanda na kuvuka asilimia 44. Wenzetu hao wana wahasibu wa miradi na mifumo ya kompyuta kila kona, na bado mzigo haukushuka. Kwa hiyo tusiuweke moyo wote kwenye mfumo mpya utakaoletwa mwakani. Mzigo unapungua pale mtu anapokaa chini na kuuliza, kwa kila fomu na kila saini, imetoka wapi na inazuia nini.

Hatua ya 1: Fuata faili moja mpaka mwisho

Malalamiko ya jumla hayabadilishi kitu. Chagua shughuli moja iliyokwisha, kama vile safari ya uwandani au ununuzi wa vitendanishi, kisha nenda masjala uombe faili lake. Chora safu tatu. Ya kwanza: nani alipitisha. Ya pili: faili lilikaa kwake siku ngapi. Ya tatu: nini kilibadilika baada ya yeye kuliona.

Chukua mfano wa dokezo la kuomba masurufu ya kwenda kukusanya sampuli za udongo Kilosa. Linaanza kwa mtafiti, linakwenda kwa mkuu wa idara, kwa Rasi wa Ndaki, kurugenzi ya utafiti, kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, linarudi kurugenzi, linapelekwa kwa Mhasibu Mkuu, linashushwa kwa mhasibu wa miradi, linapita kwa mkaguzi wa ndani, ndipo hati ya malipo inaandaliwa. Ukisoma yaliyoandikwa pembeni utakuta "Naunga mkono", "Kwa hatua zako", "Tafadhali shughulikia". Mwenye kugundua jambo ni mhasibu wa miradi peke yake: kasma ya mafuta, yaani fungu lake kwenye bajeti, haitoshi. Basi faili linarudi mwanzo kwa marekebisho, na saini zote zinaombwa upya.

Safu ya tatu imekupa jibu. Mhasibu wa miradi ndiye anayepaswa kuliona dokezo kwanza, athibitishe salio na kasma. Wale ambao kazi yao ni kufahamu tu wapewe nakala, na anayeidhinisha awe mmoja. Fanya zoezi hili kwa faili tatu au nne zenye sura tofauti. Hizo zinatosha, kwa sababu vituo vinavyokwamisha vitajirudia.

Hatua ya 2: Uliza kifungu

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Andika kila sharti ulilokutana nalo kwenye mafaili yale, kisha mbele yake weka chanzo. Vyanzo ni vinne tu: sheria na kanuni za nchi, mkataba wa ruzuku, waraka au sera ya taasisi yenu, na mazoea.

Sharti la sheria lina kifungu unachoweza kukinyooshea kidole, kwa mfano Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na Kanuni zake za 2024, au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hilo litii. Sharti la mkataba linajadilika kabla ya kusaini, na mara nyingine hata baadaye kwa barua. Sharti la waraka wa ndani linabadilishwa na menejimenti yenu wenyewe, bila kwenda Dodoma. Sharti la mazoea halina mwenyewe.

Utashangazwa na wingi wa hayo ya mwisho. Mengi yalizaliwa na hoja ya ukaguzi ya zamani. Mkaguzi alikuta mtu mmoja amelipwa posho mara mbili, taasisi ikajibu kwamba kuanzia sasa kila malipo yataambatishwa nakala ya kitambulisho, barua ya uteuzi na picha za shughuli. Hoja ikafungwa. Aliyelipwa mara mbili pengine ameshastaafu. Viambatisho vimebaki, na watumishi wapya wanafundishwa kuwa ndiyo utaratibu wa serikali.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukienda dirisha la uhasibu na sauti ya ugomvi utapewa jibu la ugomvi. Nenda na daftari, useme: "Dada, naomba unisaidie kifungu kinachotaka hiki kiambatisho, nakiandaa kwenye mwongozo wa mradi ili vijana wangu wasikusumbue tena." Mhasibu naye amechoka kurudisha mafaili. Mara nyingi atakwambia mwenyewe lipi la lazima na lipi alilikuta tu.

Kabla ya kuanza kufuta, weka pembeni yasiyoguswa: ridhaa ya washiriki, usalama wa kibayolojia, ustawi wa wanyama wa majaribio, tamko la mgongano wa maslahi, na kumbukumbu za takwimu ghafi. Haya yanalinda watu na ukweli wa matokeo. Mtafiti anayeyaita makaratasi hujiharibia hoja yake kwa mengine yote.

Hatua ya 3: Panga vibali viende sambamba

Kwa utafiti wa afya, andiko hupita kamati ya maadili ya taasisi na Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Zanzibar wana taasisi yao ya utafiti wa afya, ZAHRI, na kamati yao. Ukifanya kazi kwenye hifadhi za wanyamapori, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, inahusika. Ukiwa na mshirika wa kigeni, kibali cha COSTECH kinatakiwa. Halafu kuna ngazi za utawala: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya na halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji.

Andaa andiko moja la msingi, kisha kila fomu ijazwe kwa kunakili kutoka humo. Kila toleo la andiko, dodoso na fomu ya ridhaa liwe na namba na tarehe kwenye kila ukurasa. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ndogo sana: fomu ya ridhaa ya Kiswahili inasema mshiriki atatolewa mililita 5 za damu na andiko linasema 10. Mtu mmoja asiyekuwa mwandishi asome nyaraka zote kwa mkupuo mmoja akitafuta tofauti za namna hiyo.

Panga mpangilio kwa kalenda. Kipi lazima kitangulie kipi, na kipi kinaweza kuombwa wakati kingine kinasubiriwa? Barua ya utambulisho mkoani, kwa mfano, inaweza kuwa imeshaandikwa ikisubiri tu namba ya cheti cha maadili. Mkoani omba barua moja yenye nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri zote utakazopita, badala ya kurudi kuomba ya kila wilaya. Cheti cha maadili kina muda wake, mara nyingi mwaka mmoja, kwa hiyo andika tarehe ya kuomba kuhuisha miezi mitatu kabla hakijaisha. Marekebisho madogo ya andiko yakusanye uyapeleke pamoja, isipokuwa yanayogusa usalama wa washiriki. Hayo yapeleke mara moja.

Kwa ngazi ya kurugenzi kuna la kujifunza Marekani. Utafiti mmoja uliofanyika vyuo kumi ulikuwa ukipitiwa na kamati kumi, kila moja ikibadilisha maneno yake kwenye fomu ile ile. Tangu Januari 2018 NIH, shirika la serikali yao linalofadhili utafiti wa afya, linataka tafiti za vituo vingi zitumie kamati moja, na kufikia Januari 2020 sharti hilo likaingia kwenye kanuni ya jumla ya serikali kuu. Vyuo vyetu viwili au vitatu vinavyoshirikiana mara kwa mara vinaweza kuanza na makubaliano ya maandishi kwamba mapitio ya kamati ya chuo kinachoongoza yatakubalika kwa wenzake kabla andiko halijapanda ngazi ya taifa.

Hatua ya 4: Ununuzi uanze kabla ya ruzuku kuanza

Tangu 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali, na kitu kisichokuwa kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka hakisogei. Mtafiti huandika mahitaji yake mwezi wa tatu wa mradi, anaambiwa hayamo kwenye mpango, anasubiri mpango uhuishwe, kisha zabuni, kisha mkataba, na kabla mzigo haujafika mwaka wa fedha umefungwa tarehe 30 Juni.

Kwa hiyo siku unayopata barua ya kushinda ruzuku, kabla hata fedha haijaingia, peleka orodha kitengo cha ununuzi. Vipimo viandike wewe mwenyewe, usimwachie afisa ununuzi abuni. Eleza usafi wa kemikali, ujazo wa chupa, joto la kuhifadhia, na muda wa matumizi unaotakiwa kubaki siku mzigo unapopokelewa. Hilo la mwisho watu hulisahau, na vitendanishi vinafika vikiwa vimebakiza miezi miwili. Usitaje chapa bila kuongeza "au inayolingana nayo", maana zabuni itarudishwa.

Kama vitendanishi vinataka baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, weka kwenye mkataba kwamba vitaletwa kwa awamu na kwamba mzabuni ndiye mwenye jukumu la baridi mpaka mlangoni kwa maabara. Uliza mapema vibali vya kuingizia nchini: kemikali zinahusu Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, vitendanishi vya uchunguzi wa magonjwa vinahusu TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Boksi la barafu kavu likikaa uwanja wa ndege likisubiri karatasi, hasara ni ya mlipa kodi.

Kurugenzi nayo ikusanye mahitaji ya miradi yote. Glavu, etanoli, mirija ya kuhifadhia sampuli na shajala vinanunuliwa na kila mradi kivyake, kila mmoja na dokezo lake. Mkataba maalumu mmoja wa mwaka, ambao kila mradi unaagizia kutoka humo, unaondoa makumi ya mafaili. Usishawishike kuligawa hitaji moja vipande vidogo ili likwepe zabuni. Sheria inakataza, na hoja itakayotokea itazaa masharti mapya kwa kila mtu.

Hatua ya 5: Masurufu, mahali panapoumiza zaidi

Anayejua utafiti wa vijijini anajua kwamba safari ni rahisi kuliko marejesho yake. Mhasibu anataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Uwandani kuna boda boda aliyekubeba na kasha la sampuli kuvuka mto, kuna mama aliyewapikia wadodosaji, kuna kijana aliyewaonyesha njia za mashambani. Hakuna mwenye mashine ya EFD hata mmoja. Masurufu yasiporejeshwa kwa wakati yanakatwa kwenye mshahara, na huwezi kuchukua mengine. Mtu anaogopa kurudi uwandani kwa sababu ya hilo tu.

Dawa yake ni kukubaliana kabla ya safari, kwa maandishi. Andika dokezo moja kwa Mhasibu Mkuu ukiorodhesha aina za huduma ambazo watoaji wake hawana EFD, na kiwango cha juu kwa kila aina. Ambatisha fomu utakayotumia: jina, kijiji, huduma aliyotoa, tarehe, kiasi, namba ya simu, saini au dole gumba, na chini nafasi ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha na kugonga muhuri. Dokezo hilo likishaidhinishwa, nakala yake inaambatishwa kwenye kila marejesho ya mradi mpaka uishe. Mnajadiliana mara moja badala ya kila safari.

Popote inapowezekana lipa kwa simu kutoka laini ya mradi iliyosajiliwa kwa taasisi. Taarifa ya muamala inaonyesha nani, lini na kiasi gani, na hakuna mtu anayetembea na mamilioni kwenye begi barabarani. Fedha inayolipwa kwa viwango, kama posho ya kujikimu, isidaiwe risiti za chakula. Inatosha kuonyesha kwamba mtu alikwenda na alilala huko.

Liko jambo moja zito zaidi, nalo ni nauli za washiriki. Tuseme utafiti unahusu VVU au kifua kikuu. Uhasibu unataka orodha ya majina, namba za simu na saini za waliolipwa nauli. Orodha hiyo ikishaingia kwenye hati ya malipo, inapita mikono ya makarani, wahasibu na wakaguzi, na inaeleza wazi nani anaumwa nini. Mshiriki aliahidiwa siri kwenye fomu ya ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Na bado hofu ya mhasibu ni ya haki, kwani washiriki hewa ni njia ya kuiba.

Wote wawili wanaweza kuridhika. Hati ya malipo ibebe namba za washiriki badala ya majina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa mtafiti mkuu, imefungiwa. Idadi ya waliolipwa kwa siku ilingane na daftari la mahudhurio la kliniki na idadi ya fomu za ridhaa, na msimamizi wa kliniki asaini ulinganisho huo. Mkaguzi wa ndani akitaka kuhakiki, aje kwenye kituo, asaini kiapo cha usiri, achague namba chache na kuziangalia palepale bila kutoka na karatasi. Utaratibu huu uandike kwenye andiko lenyewe ili kamati ya maadili iupitishe. Ukiwa na cheti mkononi, mazungumzo na uhasibu yanakuwa mafupi.

Hatua ya 6: Ripoti moja, wasomaji wengi

Kabla ya kusaini mkataba, omba tarehe za ripoti zifuate mwaka wa fedha wa serikali, na ziwe za nusu mwaka kama mfadhili hana sababu ya kutaka za kila robo. Weka jedwali moja la mradi lenye shughuli, matumizi, machapisho, wanafunzi na vikwazo, mtu mmoja alihuishe kila mwisho wa mwezi. Kinachotakiwa na chuo, mfadhili, wizara au halmashauri kichotwe humo.

Hatua ya 7: Kama ninyi ndio mnaotangaza ruzuku

Vyuo vyetu vingi sasa hutoa ruzuku za ndani kwa ushindani, na bila kukusudia vinabebesha watu mzigo mkubwa kuliko fedha yenyewe. Australia walilipima hili. Kwa maombi 3,727 yaliyopelekwa kwenye baraza lao la utafiti wa tiba mwaka 2012, ilikadiriwa kwamba watafiti walitumia jumla ya miaka 550 ya kazi kuyaandaa, na takriban ombi moja kati ya matano ndilo lililopata fedha. Mengine yote yalikuwa muda wa wanasayansi uliopotea.

Anzeni na wazo la kurasa mbili. Mkishachuja, wachache waliobaki ndio waandike andiko kamili. Nyaraka kama cheti cha maadili, barua za washirika na mchanganuo wa kila shilingi ziombwe kwa anayekaribia kushinda. NIH wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na tangu 1999 maombi yao ya hadi dola 250,000 kwa mwaka hupokelewa na bajeti ya mafungu ya dola 25,000, bila kuorodhesha kila chupa. Mwombaji wa shilingi milioni 20 hapa nyumbani hana sababu ya kueleza bei ya kalamu.

Tena, kama taasisi inakata asilimia ya uendeshaji kwenye ruzuku, sehemu ya fedha hiyo imlipe mratibu wa miradi: mtu wa kujaza NeST, kufuatilia vibali na kukusanya marejesho. Mratibu mmoja kwa miradi mitano au sita ni nafuu kuliko maprofesa watano kufanya kazi hiyo kwa kubahatisha. Mtafiti anayekatwa asilimia hiyo na hapati huduma yoyote ana haki ya kuuliza inakwenda wapi.

Hatua ya 8: Peleka jaribio, pamoja na mkaguzi

Ushirika ule wa Marekani nilioutaja ulizaliwa mwaka 1986 Florida. Mashirika matano ya serikali kuu yalikubaliana na vyuo vya jimbo hilo kujaribu kuondoa baadhi ya vibali vya awali, waone kama fedha zitapotea. Jaribio lilifanikiwa, likapanuliwa, na mengi yaliyoanzia pale yakawa utaratibu wa kawaida wa nchi nzima. Halikuanza na sheria mpya.

Fanyeni vivyo hivyo. Chagueni ndaki moja, mwaka mmoja wa fedha, na mambo matatu ya kubadilisha kutoka kwenye orodha ya hatua ya 2, yale ya waraka wa ndani na mazoea tu. La kwanza, kwa maoni yangu, liwe kukasimu madaraka: mkurugenzi wa utafiti aidhinishe matumizi ya mradi yaliyomo kwenye bajeti iliyosainiwa, hadi kiwango fulani, bila faili kupanda juu. La pili liwe fomu ya malipo ya uwandani. La tatu chagueni kulingana na mafaili yenu yalivyoonyesha.

Mwiteni mkaguzi wa ndani siku ya kwanza, kabla rasimu haijaandikwa. Aseme ni udhibiti gani utakaomridhisha mahali pa saini zinazoondolewa. Akishirikishwa mwishoni atapinga, na atakuwa na haki, kwa kuwa ndiye atakayesimama mbele ya wakaguzi wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kujibu. Pimeni mambo mawili kabla na baada: siku kutoka dokezo hadi malipo, na idadi ya hoja za ukaguzi kwenye miradi hiyo. Wekeni pia sharti kwamba fomu yoyote mpya itakayobuniwa wakati wa jaribio iwe na kifungu chake, jina la aliyeitaka, na tarehe ya kuisha isipohuishwa.

Dokezo la kuomba jaribio lifike menejimenti kabla mipango na bajeti za Julai hazijafungwa, ikiwezekana Januari au Februari. Ambatisheni safu tatu za mafaili yale, jedwali la masharti na vyanzo vyake, rasimu ya waraka isiyozidi kurasa mbili, na barua ya mkaguzi wa ndani inayoeleza udhibiti aliokubali. Mkiliwasilisha kwenye kikao, mpeni mhasibu wa miradi nafasi ya kusema kwanza.